Kurudi Nyuma, Kurudi Kundini

Mtu akiacha kwenda kanisani miezi sita, akaonekana baa, au akahamia kwa mwenzake bila ndoa, waumini wenzake watasema amerudi nyuma. Akitokea tena Jumapili moja, shati limepigwa pasi, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, watu wale wale watasema amerudi. Kitenzi ni kimoja. Kwenda kwake na kuja kwake vinatamkwa sawasawa, na tofauti yote imeachiwa neno dogo "nyuma".

Sioni wahubiri wakikijali sana kitenzi hiki. Anayetaka kusema habari za Mungu na mfuasi aliyeshindwa hukimbilia neema, na neema ni neno lenye heshima yake. Kiarabu kilitupa ni'ma, jema alilojaliwa mtu, nasi tukalipokea kwa mikono miwili. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Mvua ya neema ni ile inayokuta shamba limeshalimwa. Aliyeneemeka ana nyumba ya bati na watoto wake wanasoma. Watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la kusimama mahali pa charis ya Kigiriki, walilikuta hili limeshakaa barazani, wakalitumia. Hawakukosea. Ila neno halikuja peke yake. Lilikuja na magunia yake ya mahindi, ndiyo maana mhubiri wa mafanikio hapati tabu hata kidogo. Akiahidi neema, msikilizaji anaona gari.

Charis nayo ina ukoo wake. Ni ndugu wa chara, furaha, na imezaa kitenzi charizomai, yaani kumpa mtu kitu kwa ukarimu mtupu, bila kumdai. Paulo alikitumia kitenzi hicho kwa maana ya kusamehe. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 2, anamzungumzia mtu aliyekosa na ambaye wengi wao walikwisha kumwadhibu. Anawaambia adhabu hiyo imetosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, huzuni isije ikammeza. Msomaji wa Kigiriki anaisikia neema humo humo ndani ya kusamehe. Sisi hatuisikii, kwa kuwa kwetu neema na msamaha havikutoka tumbo moja. Tungejaribu kunyambua, tukasema kanisa "limneemeshe" ndugu huyo, watu wangedhani anachangiwa mtaji.

Msamaha wenyewe una harufu ya ofisi. Kuna msamaha wa kodi, kuna msamaha wa ada, na Rais wa Tanzania hutangaza msamaha kwa wafungwa katika sikukuu za taifa kama ile ya Uhuru, 9 Desemba. Wala si lawama, maana Mathayo naye, alipoandika sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi, alitumia neno la daftari la mkopeshaji: opheilema, deni. Luka akaandika dhambi. Biblia ya Kiswahili ya 1952 ilimfuata Mathayo ikasema deni, huku Wakatoliki wakisali kwa neno makosa. Msibani, madhehebu yakichanganyika chini ya turubai moja, utasikia sala ikienda vizuri hadi hapo, halafu kunatokea mkanyagano mdogo wa ndimi, huyu deni, yule makosa, kisha wote wanakutana tena mbele. Nimeupenda mkanyagano huo kuliko mahubiri mengi.

Kuna pia maondoleo ya dhambi, ambayo Wakatoliki wanayo katika Kanuni ya Imani. Hilo ni neno zito la kwetu wenyewe. Kuondoa ni kutoa kitu mahali kilipo. Kuondolea ni kukitoa kwa ajili ya mtu, kwa faida yake. Kauli ya kutendea imefanya kazi ambayo lugha nyingine zinahitaji sentensi nzima kuifanya.

Lakini hayo yote ni majina ya kile Mungu anachotoa. Aliyeshindwa yeye hajui lolote kuhusu hazina ya mbinguni. Anachojua ni kwamba yuko nje na mlango uko kule. Neno lake ni kurudi.

Kurudi nalo limetoka Uarabuni, ila limekaa nasi hadi limesahau kwao. Mzizi wake ni r-d-d, kurejesha, kurudisha. Na hapa mpenda maneno anaokota kitu njiani: mzizi huo huo ndio uliozaa kuritadi, neno wanalotumia Waislamu kwa mtu anayeiacha dini, na murtadi, mtu mwenyewe. Kwa hiyo anayeikana imani na anayeirejea ni ndugu wa damu katika kamusi. Toba nayo, ambayo Wakristo wa Afrika Mashariki wameichukua kana kwamba ilizaliwa kanisani, katika Kiarabu ni kurudi vile vile: taba, akarejea. Na katika Kurani kitenzi hicho hakimhusu mja peke yake. Mungu naye humrejea mja wake, na mojawapo ya majina yake ni At-Tawwab, mwingi wa kupokea toba. Wanaosema kwamba Kiswahili cha kanisa kimechafuliwa na Kiarabu wangefaa kukaa kidogo na neno hili. Kigiriki cha Agano Jipya kina metanoia, kugeuka kwa nia, jambo la kichwani. Toba ina miguu.

Yeremia angelielewa kuliko Paulo. Kiebrania chake kina shuv, kurudi, na kutokana na shuv kumetoka yote mawili: teshuva, toba, na meshuva, ule uasi wa kugeuka na kuondoka. Katika sura ya 3 ya kitabu chake nabii anazichezesha sauti hizi waziwazi: watoto waliogeuka wanaambiwa wageuke, wakiitwa kwa mzizi ule ule unaowashitaki. Biblia yetu ya 1952 ililichukua jambo hilo kwa neno la uasi, na mchezo ukapotea, ingawa Kiswahili kilikuwa na kila kitu cha kuuchezea. Warudinyuma, rudini. Si ingewezekana? Kwa Hosea, sura ya 14, watafsiri hao hao walilishika jambo vizuri zaidi: kurudi nyuma ni ugonjwa, na Mungu anaahidi kuuponya. Haahidi kuuadhibu kwanza, ndipo auponye.

Ingawa adhabu nayo imo ndani ya neno. Wazee wakisema mtoto huyu anahitaji kurudiwa, hawazungumzii safari. Kumrudi mtoto ni kumkanya, hata kwa fimbo, na katika sura ya 12 ya Waraka kwa Waebrania, panaposemwa jinsi Bwana anavyowatendea awapendao, kitenzi kilichotumika katika Kiswahili ni hiki hiki. Fundi cherehani ana maana yake pia: kitambaa cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza hurudi, kinapungua, kwa hiyo hulowekwa kabla ya kukatwa. Mke na mume waliotengana wakikaa tena pamoja, wamerudiana. Na ukikiongezea kitenzi irabu moja unapata kurudia, ambayo ni hatari na matumaini kwa pamoja. Amerudia pombe. Amemrudia Mungu. Luka anamwonyesha Yesu akisema habari za ndugu anayekosa mara saba kwa siku na mara saba anarudi kuomba radhi, na sharti ni kumsamehe. Ukisema kwa Kiswahili kwamba mtu huyo "anarudiarudia", haitajulikana kama unaihesabu dhambi yake au toba yake.

Kanisa lilipolazimika kuamua kwa mara ya kwanza kama aliyeanguka anaweza kurudi, tena kwa watu wengi kwa mpigo, lilikuwa Afrika, na halikuwa na kitenzi chetu. Mwaka 250, Kaisari Decius aliamuru wakazi wa himaya yote ya Roma waitolee miungu sadaka na wapewe hati ya kuthibitisha kwamba wametoa. Zaidi ya hati 40 za namna hiyo zimechimbuliwa Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Moja ni ya Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, mzee wa miaka 72 mwenye kovu juu ya nyusi ya kulia. Anatamka kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya wajumbe wa kamati, ametoa sadaka, amemimina kinywaji na ameonja nyama. Kisha anaomba watie sahihi. Hakuna kinachoonyesha kwamba mzee Diogenes alikuwa Mkristo, kwani amri iliwabana wote. Lakini kwa Mkristo aliyesimama kwenye foleni hiyo, karatasi ile ilikuwa kumkana Bwana kwa muhuri.

Huko Carthage, katika Tunisia ya leo, walikana wengi kiasi kwamba kanisa lilihitaji msamiati. Jina la jumla likawa lapsi, kutokana na kitenzi cha Kilatini cha kuteleza na kuanguka. Ndani yake kukawa na madaraja. Walioila nyama ya sadaka waliitwa sacrificati. Waliofukiza ubani tu, thurificati. Na wale waliompa ofisa chochote wakapata hati bila kugusa nyama wala ubani, libellatici, watu wa cheti. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili cheti cha namna hiyo kinapatikanaje.

Askofu wa mji, Cyprian, alikuwa mahali pabaya. Yeye mwenyewe alijificha nje ya mji wakati wa dhoruba, na wapo waliomnyooshea kidole kwa hilo. Huku nyuma, waungamaji waliokuwa gerezani kwa ajili ya imani walikuwa wakiwaandikia walioanguka barua za amani, nyingine hazikutaja hata jina, zikisema tu fulani apokewe yeye na watu wake. Upande wa pili, Roma, alisimama Novatian, aliyeshikilia kwamba aliyemkana Kristo kanisa halina mamlaka ya kumpokea tena, na wafuasi wake wakajiita katharoi, walio safi. Sinodi ya Carthage ya mwaka 251 ikapita katikati: watu wa cheti wapokewe baada ya toba, waliotoa sadaka wapewe amani wakiwa kwenye kitanda cha kufa. Muda si mrefu, mateso mengine yalipoanza kunukia, maaskofu walilegeza tena ili waliokuwa bado wanatubu wapokewe mapema. Cyprian alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, safari hii bila kukikimbia kifo. Kundi la walio safi liliendelea kuwapo, hata Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulilazimika kuweka kanuni ya jinsi ya kuwapokea wakitaka kurejea. Walio safi nao walikuwa na mahali pa kurudi.

Kiswahili kingeliuliza swali la Carthage kwa namna nyingine. Sisi tunasema kuteleza si kuanguka. Kilatini kimevichanganya viwili hivyo katika lapsi, lakini Mswahili anavitenganisha makusudi, na utengano huo unamtetea mtu. Aliyeteleza bado yuko wima au karibu na wima, mshike mkono. Ukimwita mtu aliyeanguka, umeshamlaza chini. Ona jinsi majina yetu ya kanisani yanavyotofautiana kwa ukali: amepoa, ni kama chai, unaweza kuipasha; amerudi nyuma, yuko njiani bado ingawa kageuka; ameanguka, huyo mara nyingi ni mchungaji au mwimbaji mashuhuri, kwa sababu kuanguka kunataka kimo. Neno la kurudi nyuma lilienezwa sana na ndugu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Kwao imani ilikuwa mwendo, walitembea nuruni, na dhambi ilisemwa mbele ya wenzao siku ile ile. Katika mwendo, kosa ni suala la mwelekeo. Kimo hakimo.

Walutheri wa Tanzania, na wengine pia, wana msemo wao wa kinidhamu: kurudi kundini. Aliyetengwa hashiriki Meza ya Bwana. Akitaka kurejea anamwona mzee wa kanisa, anafundishwa au kuhojiwa, kisha siku inapangwa. Baada ya matangazo ya harusi na ya harambee ya paa, katibu anasoma majina. Wanaoitwa wanatoka mbele, wanasimama wakiiangalia altare na kuupa usharika migongo yao, na mchungaji anawauliza maswali wanayoyajibu kwa sauti ya chini. Ukiitazama mistari hiyo kwa miaka, utagundua kitu ambacho hakuna kanuni iliyokiandika: msichana aliyezaa nje ya ndoa yupo pale na mtoto mgongoni, na baba wa mtoto yuko kwenye kwaya. Tumbo lake lilionekana, la mwanamume halikuonekana. Nidhamu ya kanisa, kama polisi, hukamata kinachoonekana.

Sisemi utaratibu ufutwe. Paulo naye alitaka kosa lisemwe. Ninachokitazama ni sarufi ya msemo. Kurudi kundini kunamfanya mtenda kuwa yule aliyetoka: miguu ni yake, aibu ni yake, na usharika umekaa ukisubiri. Wapo wanaosema kurudishwa kundini, na wasemaji wengi huyatumia maneno hayo mawili kama mapacha. Si mapacha. Katika sura ya 31 ya Yeremia, Mungu anamsikia Efraimu akilia, na sala yake katika Kiebrania ina shuv mara mbili mfululizo, kwanza katika kauli ya kutendesha, ndipo katika hali yake ya kawaida: unirudishe, ndipo nitarudi. Anayeomba hivyo ameshajua kwamba peke yake hafiki.

Petro hakujua. Usiku ule wa kukamatwa kwa Yesu, kabla jogoo hajawika, alikuwa ameambiwa kwamba atapepetwa, na kwamba ameombewa, na tena akapewa kazi ya kufanya atakapokuwa amerudi: awaimarishe ndugu zake. Luka ametumia kitenzi cha kugeuka na kurejea. Biblia ya 1952 ikaandika kuongoka, neno zuri mno, ambalo Waislamu na Wakristo wanalo kwa pamoja, na ambalo ni la ukoo wa kuongoa, kile afanyacho mama anapomtuliza mtoto. Kinachonigusa ni mpangilio wa nyakati. Kurudi kwake kumetajwa kabla hajatoka. Ajira inatangazwa kabla ya kosa. Kisha Yohana, aliye hodari wa vitu vidogo, anaweka moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, Petro akiota na kukana, na sura tatu mbele anaweka moto mwingine wa makaa ufukweni, na samaki juu yake. Neno la Kigiriki kwa moto huo, anthrakia, halimo kwingine katika Agano Jipya ila hapo pawili.

Sasa Luka, sura ya 15. Kondoo 100, shilingi 10, wana 2. Katika hivyo vitatu vilivyopotea, ni mmoja tu aliyerudi. Kondoo alibebwa mabegani, shilingi ilifagiliwa. Watu wametumia karne nyingi kubishana kama mwana mpotevu alitubu kweli au njaa ilimsukuma, na wameisahau shilingi, ambayo haina hata njaa. Jina tulilompa kijana mwenyewe ni la kuangaliwa. Waingereza wanamwita kwa ubadhirifu wake, yaani kwa namna alivyotapanya fedha. Sisi tunamwita mpotevu, kama vile baba yake alivyomsema: alikuwa amepotea. Tumelichukua jina kutoka kinywani mwa aliyekuwa akimngoja.

Na kuna jambo ambalo Kigiriki hakina. Luka ameandika kwamba mtu akimpoteza kondoo mmoja, mwanamke akipoteza shilingi moja. Kitenzi chake kinamfanya mwenye mali kuwa mtenda. Watafsiri wa Kiswahili hawakuandika akipoteza. Waliandika akipotewa. Ni kauli ile tunayoitumia kwa kufiwa, kuibiwa, kuishiwa, ambamo jambo linatokea kwingine na kumwangukia mtu huyu. Sijui lugha ya Ulaya inayolisema hivyo kwa neno moja. Kondoo hapotei tu, mchungaji anapotewa. Baba wa wale vijana wawili, kwa maneno yake mwenyewe, mwanawe alikuwa amekufa na alikuwa amepotea, kwa hiyo miaka yote ile alikuwa mtu aliyefiwa na kupotewa, akila na kulala na kusimamia shamba. Kaka mkubwa hakupotewa na chochote. Alipozungumza na baba yake hakusema ndugu yangu, alisema huyu mwanao.

Matangazo ya Jumapili yana orodha za waliotengwa na za wanaorudi. Katibu husoma kwamba fulani amesimamishwa, fulani amekiuka taratibu, fulani ameomba kurejea. Sijawahi kusikia akisoma kwamba usharika umepotewa na mtu.